Bagamoyo kwa siku moja: matembezi ya wastaafu yapangwe kwa kufuata magoti

Kuanzia Juni hadi Agosti vikundi vya wastaafu wa Dar es Salaam huongezeka watu. Wakazi wa siku zote wa Mbezi, Tabata na Kigamboni hukutana na wanaoteremka kutoka bara baada ya mavuno, ambao huja kukaa kwa watoto na kuhudhuria kliniki, kisha hurudi mashambani mvua zikikaribia. Ndio msimu wa matembezi, maana kipupwe kimepoza jua. Kwa kundi la watu 20 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, safari tunayoipendekeza ni Bagamoyo, na tunaipa nyota nne kati ya tano.

Bongoyo na Mbudya ni visiwa vizuri kwa wajukuu. Kwa mzee mwenye goti bovu kikwazo ni boti: ufukweni hakuna gati, kwa hiyo mnashukia majini, na kupanda tena wakati wa kurudi, boti ikiyumba, ndiko kunakowashinda wengi. Kijiji cha Makumbusho kinatosha nusu siku. Bagamoyo ni kilomita 65 hivi, lami tupu, na foleni iko upande wenu: asubuhi magari yanamiminika kuelekea mjini wakati ninyi mnatoka, na alasiri yanatoka mjini wakati ninyi mnarudi. Kutaneni Mwenge saa 12:15 asubuhi, gari liondoke 12:30, kabla malori hayajajaa Tegeta na Bunju.

Gari ndilo linaloharibu safari nyingi. Coaster ya viti 29 ipakie watu 20, wasizidi 22. Viti vya kukunja vya katikati vikikaliwa, aliye nyuma hawezi kutoka mpaka nusu ya gari isimame, na wazee wanaomeza vidonge vya presha vya kukojoza hawawezi kungoja hivyo. Wakae mbele, karibu na mlango. Kabla ya kutoa malipo ya awali, nenda ukalione gari lenyewe, si picha yake kwenye simu. Panda ngazi ya mlango mwenyewe bila kushika kitu. Ikikusumbua wewe, itamsumbua zaidi mama wa miaka 75. Bebeni stuli fupi ya mbao yenye miguu minne ya kukanyagia. Ya plastiki huteleza kwenye lami yenye mchanga, na ikiteleza mzee anaanguka kwa nyonga. Kwenye mapatano andikeni saa ya kurudi, nani anaweka mafuta, na nani anamlisha dereva na kondakta. Hayo matatu yasipoandikwa, ugomvi huanza saa nane mchana.

Anzeni Kaole, jua likiwa bado chini. Magofu haya yako kusini mwa mji, mwendo mfupi kwa gari, na yana mabaki ya misikiti miwili, wa zamani zaidi ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yapatayo 30 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Mwombeni mtembeza wageni asimame penye kivuli na aeleze yote pale pale kwanza, kisha watu watembee kwa hiari. Wengi hupenda kuongea huku wakitembea, na wazee wanaosikia kwa shida hubaki nyuma wasipate kitu. Kwenye kaburi la mnara, tazameni vishimo vya mviringo: ndimo zilimopachikwa bakuli za kauri kutoka China. Mtu aliyesomesha historia maisha yake yote husimama hapo dakika kumi, na apewe hizo dakika. Njia yenyewe ni mchanga, mizizi na vipande vya matumbawe, bila pa kushika. Kandambili zibaki nyumbani, na kila mwenye mkongojo aende na mwenzake. Hapa ndipo nyota ya tano inapopotea.

Saa tano nendeni Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Pana miti mikubwa, ardhi tambarare, makumbusho na mahali pa kupumzika. Hapa ndipo Susi na Chuma, watumishi wa mpelelezi David Livingstone, walipoufikisha mwili wake Februari 1874, baada ya kuubeba kutoka bara, kabla haujavushwa kwenda Zanzibar na kisha London. Kwenye mbuyu wa misheni kuna mnyororo uliomezwa na gome, kipande tu kikichungulia; wazee huutazama kuliko kitu chochote ndani ya makumbusho. Tengeni saa moja na nusu. Ngome Kongwe, boma la Wajerumani na mnada wa samaki viacheni vipitwe kwa gari. Kujaza vituo sita ndiko kunakowarudisha watu na miguu iliyovimba.

Chagueni Jumatano au Alhamisi. Jumapili misheni ina ibada, na Ijumaa wenzetu Waislamu wanahitaji kuwa msikitini mchana, hivyo ratiba yote hukatika katikati. Tarehe iwe baada ya pensheni kuingia, ili mweka hazina asianze kukopesha watu kwa fedha za kikundi.

Chakula kiagizwe siku mbili kabla, kwa idadi ya vipande vya samaki, siyo kwa kusema tu "watu ishirini". Mgahawa usiojua idadi huanza kupika mkishakaa, na mwenye kisukari aliyemeza dawa asubuhi hawezi kungoja hadi saa tisa. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga na tembele vinatosha. Agizeni samaki watano au sita wachemshwe bila chumvi kwa wenye presha, chumvi ikae mezani. Njiani kila mtu awe na lita moja ya maji na kitu cha kutafuna saa nne, kwa mfano ndizi mbili na karanga. Insulini isiachwe ndani ya gari lililofungwa, na kwenye kiboksi cha baridi ifungwe kitambaa isigusane na barafu, maana ikiganda haifai tena.

Unapoagiza chakula, uliza na choo: ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mgahawa wenye cha kukaa ndio uchukuliwe, hata kama samaki wake ni ghali kidogo. Bebeni pia karatasi na ndoo ndogo ya maji kwenye gari. Kuondoka iwe saa tisa kamili, na mratibu ahesabu watu wakiwa wamekaa vitini.