Gemu za Mtu Mwenye Saa Moja Tu Usiku: Maoni Yangu, Bila Kupendelea

Assalam aleikum, hamjambo watazamaji, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna rundo la gemu. Mmekuwa mkiniuliza kila siku, "Na gemu je? Mbona hutuambii gemu?" Haya, leo nawaambia, za PS4, za kompyuta na za simu, kama nilivyoziona mimi. Hakuna aliyenilipa. Laiti angetokea wa kunilipa, hapa nyuma yangu mngeona PS5, si huu mtungi wa maji.

Lakini kwanza mjue mwaongea na nani. Mimi si bingwa. Kutwa niko dukani, narudi nyumbani nimechoka, nikishaswali Isha na kula ndipo napata kama saa moja hivi kabla ya macho kuwa mazito. Na hiyo saa moja yenyewe si yangu peke yangu. Stima yaweza kukatika. Mtoto wa ndugu yangu aja, "Ami, na mimi nicheze." Mara naitwa jikoni kubadilisha mtungi wa gesi. Kwa hivyo kila gemu naiuliza swali moja: nikiinuka ghafla, utanifanyaje? Picha, sauti, hadithi, hayo yote yaja nyuma. Wewe kijana wa kukesha hadi alfajiri, maoni yangu yachukue nusu.

Tuanze na mpira, maana nisipoanza na mpira nusu yenu mtaondoka.

Ile tuliyozoea kuiita FIFA haiitwi tena FIFA. FIFA 23 ilikuwa ya mwisho kwa jina hilo, kuanzia Septemba 2023 imekuwa EA Sports FC. Jina limebadilika, mchezo ni ule ule. Mechi moja haifiki nusu saa, waweza kuisimamisha ukaenda zako ukarudi, na watu wawili kwenye kochi wakicheka na kutukanana kwa adabu, hakuna inayoishinda. Hapo naipa haki yake yote. Kila mwaka kununua mpya, hapo siipi. Mimi nanunua ya mwaka juzi, diski ya mkono wa pili, bei imeshashuka, na Salah bado anakimbia.

Ila kuna kitu humo ndani nataka wazazi wanisikilize vizuri. Ile sehemu ya Ultimate Team, mtoto anunua pakiti ya wachezaji kwa pesa za kweli, na hajui atatoka nani. Huenda akatoka nyota, huenda akatoka kipa wa akiba ambaye hata mamake hamjui. Sasa hiyo watu wazima tunaiitaje? Ubelgiji waliiona ni kamari mwaka 2018, na mwanzo wa 2019 EA, wenye gemu, wakaacha kuuza nchini humo zile pointi za kununulia pakiti. Huku kwetu kijana ana simu, simu ina pesa, na baba yuko kazini. Mimi kwangu sehemu hiyo hatuigusi. Twacheza mechi ya kawaida, basi.

Na eFootball? Ile ya Konami, iliyorithi PES, gemu yao ya mpira ya zamani. Ilipotoka Septemba 2021 ilikuwa aibu. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha watoto, mpaka Konami wenyewe wakaomba radhi. Imetengenezwa tangu hapo, sasa yachezeka, na ni ya bure, na kwenye simu yaenda vizuri. Kwa kijana asiye na PlayStation ni neema. Lakini mimi mtu wa PES 6, niliyeona Adriano akipiga mguu wa kushoto kutoka katikati ya uwanja na kipa akabaki ameduwaa, siwezi kujidanganya. Ile raha haijarudi.

GTA San Andreas nitaisemea kidogo tu kwa sababu nyote mwaijua. Ya 2004, na mpaka leo ukipita kwenye vibanda vya gemu mitaani utamkuta mtu yuko na CJ, yule unayemchezesha humo. Sisi tulikuwa tukiandika zile kodi za kupata silaha na pesa nyuma ya daftari la hesabu, mwalimu akidhani ni fomula. Kama gemu bado yapendeza. Ile misheni ya treni bado ni dhuluma. Na wazazi, ni ya watu wazima, msinunulie mtoto wa darasa la nne kisha mje hapa kulalamika.

Sasa niwaudhi baadhi yenu. Red Dead Redemption 2. Najua. Najua! Ya 2018, kwa PS4 yaja na diski mbili kwa ukubwa wake, na kwa macho sijaona gemu nzuri kuliko hiyo. Farasi ana jasho. Matope yashika kwenye viatu. Lakini kucheza nayo ni kama kumsindikiza mzee sokoni: kila duka asimame, kila mtu amwamkie, na wewe umebeba kikapu. Arthur, yule unayemchezesha, afungua mtoto wa meza polepole, achukua kopo moja, aliangalia, alitia mkobani. Kopo la pili, vivyo hivyo. Mwanzo wote ni theluji, na mimi hapa ni kaskazi, feni imefika mwisho na bado shati limeganda mgongoni. Na huwezi kusevu katikati ya misheni. Stima ikikatika umepanda farasi kutoka huku hadi kule bure. Hadithi yake ni nzito na nzuri, sikatai, na nikistaafu nitaimaliza. Kwa saa moja ya usiku, hapana.

Elden Ring ndiyo nilidhani nitaichukia zaidi. Haina mahali pa kuchagua kiwango cha ugumu, na hata kuisimamisha huwezi kama gemu nyingine. Umeitwa kula, jitu halijali, lakuua wakati wajibu "naja!" Ukitoka tu pale mwanzo unamkuta mtu wa dhahabu juu ya farasi wa dhahabu, na wageni wote wadhani lazima wapigane naye. Si lazima. Mzunguke, nenda zako, utarudi ukiwa na nguvu. Nikishalijua hilo nikaanza kuielewa. Na kitu kimoja watu hawakisemi: yajisevu yenyewe kila wakati. Stima ikikatika, ukirudi uko karibu pale pale ulipokuwa. Kwa hivyo gemu yenye sifa ya ukatili kwangu imekuwa na huruma kuliko ile ya farasi wa jasho. Siipendi, lakini naiheshimu. Nimemuuzia jirani diski yangu, na yeye sasa haonekani barazani.

Stardew Valley, haraka haraka. Shamba, kuku, kuvua samaki. Iliyotoka 2016, na mtu mmoja, Eric Barone, ndiye aliyeitengeneza yote peke yake, picha, muziki, kila kitu, kwa miaka zaidi ya minne. Yasevu ukilala, na siku moja ya mle ndani ni kama dakika 14. Stima ikikatika umepoteza siku moja ya mchicha. Mke wangu ndiye mwenye shamba, mimi hata kumwagilia siruhusiwi. Kompyuta ya kawaida yaibeba.

Za simu, mbili tu. Free Fire watu huidharau, "ya simu mbovu." Sawa, na simu mbovu ndizo tulizonazo. Watu 50 wawindana mpaka abaki mmoja, mechi kama dakika kumi, yaenda hata kwenye simu ya bei ya chini. Angalieni bando tu. Candy Crush ni ya mamangu na sitathubutu kuisema vibaya humu kwa sababu ananitazama. Nitasema hili tu: roho tano, zikiisha wangoja nusu saa kwa kila moja, ama ulipe. Mama, usilipe. Weka simu, zitarudi zenyewe.

Haya. Sasa nije kwa mbili ninazozipenda.

Assassin's Creed Black Flag, ya 2013. Wewe ni Edward Kenway, mharamia wa Karibi, una jahazi lako laitwa Jackdaw, na mabaharia wako waimba. Nimekulia Mji wa Kale hapa Mombasa, bahari naiona toka utotoni, na bado nilishika padi nikakaa kimya kusikiliza zile nyimbo. Watoka Havana, waona kisiwa, washuka, wachimba hazina, warudi. Safari moja yatosha saa yangu, na nikiinuka sina deni. Makosa yake? Yapo. Misheni za kumfuata mtu kimyakimya ukisikiliza maneno yake zimejaa mpaka zachosha, na ile sehemu ya ofisini ya siku hizi haikuwa na kazi. Na watu wa pwani mtaliona hili: chombo chaelekea popote utakapo, upepo uwe wa wapi. Hakuna kwenda mbisho hata mara moja. Nahodha yeyote wa dau la Lamu angecheka mpaka alie.

Kila nikiicheza nawaza, kwa nini Karibi tu? Hapa Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani toka 1696 mpaka 1698, watu wamefungiwa ndani, maradhi na njaa zimewamaliza, meli za msaada zatoka Goa. Hiyo ni gemu imekaa pale, yangoja mtu wa kuitengeneza. Vijana wa kompyuta mko wengi mji huu, mimi nitainunua siku ya kwanza, na kwa bei kamili.

Ya pili ndiyo itawashangaza wengine. Halo 3: ODST, ya 2009, kampuni ya Bungie. Gemu nzima yapita Mombasa. Sifanyi mzaha. Ni mwaka 2552, mji waitwa New Mombasa, kuna mnara wa lifti unaopanda mpaka angani, na viumbe wa anga wameuvamia. Halo 2 ya 2004 ndiyo iliyoanza, kuna hatua nzima ndani ya Old Mombasa, na Halo 3 yakupeleka barabara ya Tsavo mpaka Voi. Ndiyo, Voi! Mahali tunaposhuka kwenye basi kunyoosha miguu, pale ndipo binadamu wapigania dunia yao.

Lakini ODST ndiyo yangu. Wewe ni askari mgeni ambaye hata neno moja hasemi. Waamka usiku, wenzako wametawanyika, mji umekufa, barabara zang'aa kwa maji, na saksafoni yalia kwa mbali. Wazunguka peke yako ukitafuta vitu walivyoangusha wenzako, na kila kitu kikikutwa chafungua tukio la mmoja wao, mchana ule kabla yako. Matukio yenyewe yana mwanzo na mwisho, moja lanitosha kwa usiku mmoja. Mtu aliyepanga hivyo ni kama alijua nina saa moja.

Sasa sikilizeni majina. Kuna hatua yaitwa Kizingo Boulevard, jina la mtaa wetu hapa mjini, wapita na kifaru cha vita. Kuna Kikowani Station, wapaa juu kwa chombo cha adui. Kuna Tayari Plaza, na mimi moyoni nasema hao walipita Mwembe Tayari yetu. Mji una akili ya kompyuta inayoendesha taa na mabango na inakuongoza njia, na aliyekuwa akiitunza hadithini aitwa Daktari Endesha.

Je, inafanana na kwetu? Hata kidogo. Vyuma na vioo, barabara pana tupu. Sikuona tuktuk hata moja. Sikusikia adhana, sikuona mlango wa nakshi, wala mwenye kuuza mabuyu. Feri ya Likoni kumbe ndani ya miaka mia tano imeshapata ufumbuzi, alhamdulillahi, kwa sababu simuoni mtu anasubiri foleni. Waliochukua ramani yetu walichukua majina wakayatandaza juu ya mji wao. Hilo laniudhi kidogo. Lakini pia usiku ule niliposoma neno Kizingo kwenye skrini niliita nyumba nzima waje waone, na waliokuja hawakuondoka mpaka kifaru kikamaliza kazi.

Mapungufu: ni fupi, na zile barabara za usiku ukizizunguka sana utapotea, kila kona yafanana na nyingine. Ramani iweke karibu. Kwenye PlayStation hamuipati. Kwa kompyuta au Xbox imo ndani ya Halo: The Master Chief Collection, pamoja na Halo 2 na 3, kwa hivyo mwanunua mara moja mwapata Mombasa na Voi zote. Msinunue leo, ngojeni kipindi cha punguzo, na faili ni kubwa, pakueni ODST peke yake kwanza kabla bando halijawamaliza.

Walio na swali la kompyuta gani itaibeba, andikeni hapo chini na mtaje kadi ya picha mliyo nayo, nitajibu mmoja mmoja. Na wakaazi wa Kizingo, nyinyi nawangoja kwa hamu. Ichezeni mniambie kile kifaru kilipita juu ya ua wa nani.