Nikon F-801 hapa Tanga: kamera ya mkanda inayokula betri za rimoti

Assalam aleikum, habari zenu, karibuni sana. Leo simu mpya sina, spika ya bluututhi sina. Nina hii hapa. Ngoja niisogeze muione vizuri. Nikon F-801. Imetoka 1988, na kule Marekani iliuzwa kwa jina la N8008, kwa hiyo ukikuta moja mtandaoni imeandikwa hivyo usibabaike, ni mdude uleule.

Ni kamera ya mkanda. Wale mliozaliwa juzi, mkanda ndio filamu, ile tuliyokuwa tunapeleka studio kusafishwa. Lakini hii si ile ya kuzungusha pete mpaka sura itulie. Hii inajifokasi yenyewe, inavuta mkanda yenyewe, na mwisho inaurudisha yenyewe. Kazi yako ni kulenga na kubonyeza.

Sasa, watu wananiuliza sana: "Kaka, ninunue kamera gani ya mkanda?" Na mimi nawajibu kwa swali: betri yake utaipata wapi? Mnacheka, lakini hapo ndipo kamera nyingi za zamani zinapofia. Kamera hizi za otofokasi bila umeme ni tofali. Hazina shata ya kimekanika ya kukuokoa; shata ni lile pazia linalofunguka mwanga ufike kwenye mkanda. Chukua Canon EOS za miaka ileile, kamera nzuri, sina ugomvi nazo, ila nyingi zinatumia betri ya volti 6 inayoitwa 2CR5. Haya, toka hapo ulipo, ingia Ngamiani, pita barabara zote zenye namba, ulizia 2CR5. Muuza duka atakuangalia kama umemuomba tikiti ya kwenda mwezini.

Hii, oneni hapa chini ya mshikio. Natoa. Moja, mbili, tatu, nne. AA. Betri za rimoti, za saa ya ukutani, za tochi. Duka la Mangi lililo wazi saa nne usiku linazo, karibu na viberiti. Kwangu mimi hilo peke yake limeshamaliza nusu ya uchambuzi. Sharti moja tu: nunua alkali. Zile za bei ya chini kabisa huvuja, na kwa joto letu hili huvuja mapema. Ukimaliza kupiga na unajua hutaishika kamera kwa wiki kadhaa, zitoe.

Tuiwashe. Sikilizeni.

Mmesikia? Zrrrt. Hiyo ni fokasi. Mota imo ndani ya mwili wa kamera, haimo kwenye lenzi. Nikiitoa lenzi, oneni hapa pembeni ya mdomo, kuna kichuma kidogo kama ncha ya bisibisi. Hicho ndicho kinachoingia kwenye lenzi na kuizungusha. Ndiyo maana ina kelele. Kwenye maulidi au msibani utajisikia vibaya, nawaambia mapema.

Na fokasi yenyewe ina tabia yake, hapa nataka tukae kidogo. Kamera za leo zina vituo vya fokasi mamia. Hii ina kimoja, katikati. Na hicho kimoja ni sensa iliyolala kimstari, inasoma mistari iliyosimama. Mstari uliolala haiuoni. Twende Raskazone tuone maana yake. Unasimama ufukweni, unalenga upeo wa bahari, pale maji yanapokutana na mbingu. Ule ni mstari uliolala. Kamera itakwenda zrrrt mbele, zrrrt nyuma, halafu ikate tamaa, na shata igome kabisa kufyatuka. Ukingo wa mtumbwi ukiwa ubavu kwako, vilevile. Lakini ikipita ngalawa, weka katikati kwenye mlingoti. Tap. Imeshika hapohapo, kwa sababu mlingoti umesimama. Kama hakuna kilichosimama, pindua kamera iwe wima, mstari uliolala sasa kwa macho yake umesimama, fokasi ikishika bana kitufe nusu, rudisha kamera sawa, piga. Baada ya muda mkono unafanya wenyewe bila kufikiri.

Usiku ni shughuli nyingine. Hii haina flashi yake. Hakuna ile ya kuchomoza juu. Flashi unanunua pembeni, na zile za Nikon za wakati wake, kama SB-24, zina taa nyekundu ya kuisaidia fokasi gizani. Bila hiyo, ndani ya Mapango ya Amboni kamera itapapasa mpaka kiongozi wenu awaache. Pale weka swichi ya mbele kwenye M, fokasi kwa mkono, yaishe.

Jua sasa. Hapa ndipo hii kamera inaponifurahisha. Shata yake inafika sehemu 1 ya 8000 ya sekunde. Mwaka 1988! Kamera nyingi za mkanda mnazookota mitumbani zinaishia 1000 au 2000. Kwa nini nijali? Fikiria jua la saa saba mchana, pale bandarini, mchanga unamweka. Una mkanda wa ISO 200, hiyo ni namba ya wepesi wake wa kushika mwanga. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema jua kali, tundu la lenzi f/16 (namba ikipungua tundu linapanuka), spidi ya shata sawa na ISO, yaani 1/200. Sasa wewe unataka umpige mtu na nyuma yake pawe na ukungu ule mzuri, unafungua tundu mpaka f/2.8. Hizo ni hatua tano, na kila hatua mwanga unakuwa mara mbili. Mia mbili mara mbili, mara mbili, mpaka tano: 1/6400. Kamera ya kuishia 1000 haifiki hapo, mkanda unapigwa mwanga kupita kiasi. Hii bado ina nafasi.

Kipima mwanga chake kinagawa picha vipande vitano na kuvipima pamoja. Mimi nakiamini mchana kutwa, isipokuwa mtu akisimama kivulini na bahari nyuma yake. Hapo naongeza kidogo mwenyewe. Na mkanda ukishaupachika hausumbui: vuta ulimi mpaka kwenye alama nyekundu, funga mgongo, bonyeza. Inasoma hata ISO yenyewe kwenye vile viraba vya fedha vya kopo. Ukiisha, bana vitufe viwili kwa pamoja, unarudi wote ndani. Vitufe viwili ili usiurudishe kwa bahati mbaya. Aliyelifikiria hilo Mungu ambariki.

Kuna jambo moja la kibinadamu kabla sijaendelea. Ukienda na hii pale Deep Sea asubuhi samaki wakiteremshwa, utaombwa uonyeshe picha. Kuna bibi mmoja anauza vibua, nilimwamkia, nikamuomba nimpige, akakubali, akajitanda khanga vizuri kabisa. Nimepiga. "Haya mwanangu, nione." Nikamgeuzia mgongo wa kamera. Mweusi ti, una kidirisha tu cha kuona kopo la mkanda. Akanitazama. "Kioo kiko wapi?" Nikamwambia, "Bibi, hii ya mkanda, mpaka isafishwe." Akaniambia, "Basi uniletee ya karatasi. Usinifanye kama wale wazungu." Na mimi ya karatasi nilimpelekea, maana pale napita kila wiki, ningejificha wapi? Kwa hiyo kwenye bajeti yenu wekeni na pesa ya kuchapisha.

Lenzi. Kwa mwanzo AF 50mm f/1.8, ile yenye pete ya tundu. Nyepesi, rahisi kuipata, inatosha. Mdomo wa kamera ni uleule ambao Nikon walianza nao 1959, kwa hiyo zile lenzi za AI za kuzungusha kwa mkono zilizolala kwenye makabati ya studio za zamani zinaingia, na kitaa cha fokasi ndani ya kitundu cha kuchungulia kitakuambia sura imetulia. Ila kwenda upande wa lenzi mpya, angalieni. Zenye herufi G hazina pete ya tundu, utabaki kutumia P na S tu, yaani zile ambazo kamera inakupangia tundu yenyewe. AF-S zina mota ndani yake, na huu mwili hauijui ile mota, utafokasi kwa mkono. AF-P msizinunue kwa ajili ya hii, hazifokasi kabisa.

Na adui mkubwa wa lenzi Tanga si mchanga, ni unyevu. Fangasi. Anaota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na akishakula kioo hafutiki. Usiiweke kamera kwenye mkoba wa ngozi kabatini, ngozi inashika unyevu. Mimi natumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukitoka ufukweni futa chumvi kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, halafu kikavu, ndipo uihifadhi.

Sasa mkanda na kusafisha, ambako pesa inaondoka. Mkanda mmoja unakupa picha 36, na ukijumlisha kuununua na kuusafisha, siku hiyo unafikiri kabla ya kubonyeza. Kama una ndugu anakuja na ndege, muagize, lakini mwambie asiuweke kwenye begi la kupakia, aushike mkononi na aombe ukaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT, zile za eksirei za kukagulia mizigo viwanja vya ndege, zinauharibu.

Wengi wanadhani ukisafisha mwenyewe nyumbani uanze na mkanda wa nyeusi na nyeupe, kisha wa rangi, kwa sababu rangi ni ngumu. Kwa nchi za baridi, sawa. Kwa Tanga mimi nabisha. Dawa ya nyeusi na nyeupe inataka nyuzi joto 20. Mkanda wa Ilford HP5 Plus, kwa mfano, kwenye dawa ya ID-11 bila kuichanganya na maji, ni dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Mwezi wa pili hapa maji ya bomba yanatoka na uvuguvugu! Ukiacha joto hivyo inabidi upunguze muda, na ukishuka chini ya dakika 5 ni rahisi picha itoke na mabaka. Kwa hiyo nanunua zile barafu za mifuko kwa jirani, nazipanga kwenye beseni, chupa ya dawa inakaa katikati, nasubiri na kipimajoto. Barafu nje ya chupa, jamani, msiitumbukize kwenye dawa.

Rangi sasa. Dawa ya C-41 inataka nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15. Sisi tayari tuko jirani na 30. Beseni, maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai kidogo kidogo, umefika. Mwenzangu wa Lushoto anahangaika kupasha, mimi nakuta hali ya hewa imeshanifanyia nusu ya kazi. Shida ya rangi ni kwamba haisamehi, ukizidi nyuzi moja rangi zinaanza kuhama. Lakini joto lenyewe si tatizo letu.

Mwisho, ukiikuta inauzwa. Nenda na betri zako nne mfukoni na lenzi moja ya AF, kama huna azima. Kwanza fungua chemba ya betri, ukiona ukoko wa kijani au mweupe, anza kushusha bei. Washa. Kioo kidogo cha juu kinachoonyesha namba kisiwe na doa jeusi linalotambaa. Doa pembeni unaweza kuishi nalo, likifunika namba achana nayo. Bonyeza nusu, usikie zrrrt. Kisha fungua mgongo, lenga dirishani, piga kwa spidi ndogo, sekunde moja, nusu sekunde, uone pazia la shata linafunguka lote na kufunga. Usiliguse kwa kidole, ni jembamba kuliko unavyodhani. Halafu washa tochi ya simu, ipitishe ndani ya lenzi kutoka nyuma, tafuta ule utando wa buibui.

Na muuzaji akikuambia "Bosi, ni nzima, ila usifungue nyuma," mrudishie mkononi, msalimie vizuri, endelea na safari yako. Zipo nyingine.

Haya, maswali niwekeeni hapo chini. Wa Muheza na Pangani mnaotaka kujua habari za dawa ya C-41, niandikieni, tuagize kwa pamoja, nauli ya mzigo tugawane.