Mafunzo ya uongozi kwa mfano wa The Voice: tathmini kutoka Dodoma

Mafunzo haya ya nusu siku kwa wakuu wa vitengo, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja wa Area D, yalijengwa juu ya The Voice, shindano la uimbaji la runinga lililoanza Uholanzi mwaka 2010 na kufika Marekani mwaka uliofuata. Sehemu ya kwanza peke yake ilitosha kuhalalisha ada. Mwezeshaji alituonyesha makocha walioupa jukwaa mgongo, wakisikiliza sauti pasipo kumwona mwimbaji, kisha akatugawia barua za maombi ya kazi zilizofutwa majina, umri na vyuo. Ubishi uliozuka mezani kwetu ulichelewesha chai.

Zito zaidi ni kwamba makocha wawili au zaidi wakigeuza viti kuonyesha kwamba wanamtaka mwimbaji katika timu zao, anayechagua kocha ni mwimbaji mwenyewe, na hapo kocha hulazimika kueleza atamsaidia vipi. Katika ofisi nyingi za hapa jijini, ambako mtumishi mpya hupangiwa tu msimamizi, swali la kwa nini mtu akubali kulelewa na wewe halijazoeleka (na wengine tuliinamia daftari).

Kwa bahati mbaya, hatua ya kuwapambanisha waimbaji wawili wa timu moja ilipitiwa juu juu, ingawa kocha huwafundisha wote wawili akijua kwamba atamchagua mmoja tu. Spika zilikoroma, na kitini kilikuwa nakala hafifu. Wasimamizi wapya wayahudhurie; wazoefu wadai kwanza muda zaidi wa hatua hiyo ya pambano.