Uzoefu wangu: karatasi ya Arches na umbali wa milima ya Kivu

Nachora mandhari ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa rangi ya maji, na siku hizi natumia karatasi ya Arches, pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba. Inatoka Ufaransa, kwenye kiwanda kilichoanza mwaka 1492. Ni ghali, na hapa mjini si rahisi kuipata. Yangu huletwa na ndugu anapotoka Ulaya. Hata hivyo, kwa mchoraji anayetaka umbali uonekane, naipenda kuliko zote nilizowahi kutumia.

Ukisimama juu mtaani Kadutu ukatazama Ziwa Kivu, macho hupita tabaka kwa tabaka: mabati na miti ya avoka karibu, kisha rasi zilizoingia majini, kisha kisiwa cha Idjwi, na nyuma kabisa milima inayokaribia kushika rangi ya mbingu. Hewa ndiyo inayofanya hivyo. Mwanga hutawanywa na hewa yenyewe, na unyevu, na vumbi. Kadiri kilima kilivyo mbali, ndivyo giza lake linavyopungua, rangi yake ikaelekea bluu na kingo zake zikalainika. Leonardo da Vinci alishaliandika hilo. Kiangazi, moshi wa mashamba ukitanda, mlima Kahuzi hufifia ingawa una mita 3,308. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unauona kama uko mlangoni.

Rangi ya maji hupitisha mwanga, na weupe wa picha ni karatasi yenyewe. Kwa hiyo naanza na mpako hafifu juu ya karatasi iliyolowa, anga na milima ya mbali kwa pamoja. Ikikauka kabisa naweka Idjwi, nzito kidogo. Ikikauka tena, rasi. Hapo ndipo karatasi hupimwa. Zile za bei nafuu nilizokuwa nazo zilichubuka kwenye tabaka la tatu, au rangi ya chini iliamka ikachanganyika na ya juu, milima yote ikawa tope. Arches imetiwa gundi ya jelatini mpaka ndani, hivyo rangi hainywewi haraka. Napata nafasi ya kulainisha ukingo wa kilima, na tabaka lililokauka hubaki mahali pake. Bluu ya ultramarini nayo hutuliza chembe zake kwenye vijishimo vya karatasi, na ukungu wa ziwani unajitokeza bila kuulazimisha. Hilo peke yake lanifurahisha sana!

Lakini karatasi haipangi picha. Kabla ya brashi nachora kijipicha cha penseli chenye viwango vitatu tu vya giza, huku nimefinya macho ili vitu vidogo vipotee. Giza zito kuliko yote nalipeleka mbele, kwa kawaida shina la mti upande mmoja. Mstari wa maji usikate picha katikati. Na rasi ifunike sehemu ya kisiwa: zikigusana ukingo kwa ukingo tu, zinaonekana ziko mahali pamoja na kina kinakufa.

Wakati wa mvua ihifadhini karatasi hii ndani ya plastiki, maana unyevu huharibu jelatini na rangi huanza kufanya madoa. Anayeanza afanyie mazoezi ya giza na mwanga kwenye karatasi yoyote. Akiwa tayari, anunue shiti kubwa ya sentimita 56 kwa 76, aikate vipande vinane.