Kanda za Remmy Ongala kwenye meza za mafundi wa Kariakoo

Anayetaka kuhamisha kaseti kwenda kwenye flashi, Kariakoo atawakuta watoa huduma wa aina tatu. Kuna mafundi redio wenye meza na deki zao za zamani, kuna vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, na kuna vyumba vidogo vya kurekodia huko ghorofani. Hapa wanapimwa kwa mzigo mmoja tu: kanda za mwanamuziki Remmy Ongala na bendi yake, Super Matimila. Hukumu kwa ufupi ni kwamba fundi redio ndiye wa kumwendea. Kibanda cha simu kiepukwe kabisa. Chumba cha kurekodia kina vifaa bora kuliko wote, ila wengi wa wenye vyumba hivyo wana ugonjwa wa kusafisha sauti mpaka mwimbaji anabaki mifupa.

Kwa nini Remmy? Kwa sababu sauti yake haivumilii uzembe. Ni nzito, ina mkwaruzo, na katikati ya wimbo huacha kuimba akaanza kuongea, kama mzee anayeusia watu msibani. Huyu ni mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, mama yake akiwa tayari ameshazika watoto. Simulizi ya maisha yake inasema mganga ndiye aliyeagiza mtoto huyu asinyolewe nywele ili aishi. Baba alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mama naye akafariki kabla mwanawe hajatimiza miaka 20. Mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, baadaye akawa na Super Matimila, na hapa hapa jijini akafariki Desemba 13, 2010. Kule Sinza makondakta bado wanaita kituo kwa jina lake, Kwa Remmy. Anapoimba kuhusu kifo, kuhusu mnyonge asiye na haki, au kuhusu mtu anayelilia mtoto, uzito wa maneno unakaa kwenye vitu vidogo sana: pumzi anayovuta kabla ya mstari, mkwaruzo mwishoni mwa neno, gitaa la pili linalomjibu chini chini. Kanda ikihamishwa vibaya, hivyo ndivyo vinavyotangulia kupotea. Maneno yatasikika, lakini yatakuwa kama tangazo.

Kabla ya kutoa hela, jua umeshika kanda ya namna gani. Albamu zilizotolewa Uingereza na kampuni ya muziki ya Real World, yaani Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 na Mambo ya mwaka 1992, zinapatikana mtandaoni kwa ubora ambao kaseti yako haitaufikia. Hizo usilipie kuhamisha. Kanda yenye thamani ya kazi hii ni ile iliyorekodiwa kutoka redioni enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyodurufiwa dukani, au iliyochukuliwa ukumbini bendi ikipiga. Huenda wimbo uliomo haupo mahali pengine popote.

Fundi mzuri utamjua kabla hata hajawasha deki. Ataichukua kaseti, ataielekeza kwenye mwanga na kuitazama kupitia kidirisha. Anatafuta ungaunga mweupe kwenye kingo za ukanda. Huo ni ukungu, na kwa joto na unyevu wa pwani yetu ni jambo la kawaida kwa kaseti zilizokaa miaka kwenye sanduku au juu ya kabati. Kanda yenye ukungu haichezwi hivyo hivyo. Ukiicheza, unga unahamia kwenye hedi, yaani kichuma kinachosoma sauti kwenye ukanda, na kwenye kiroli cha mpira kinachouvuta ukanda, kisha unaingia kwenye kanda ya mteja anayefuata. Huwekwa kwanza kwenye kopo lililofunikwa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu kwa siku kadhaa, kisha ukanda unafutwa taratibu kwa kitambaa laini kikavu, fundi akiwa amevaa barakoa. Akikwambia ataianika juani au kuipasha moto, chukua kaseti yako uondoke. Joto linapinda gamba la plastiki na kukunja ukanda.

Kitu cha pili anachokiangalia ni kile kipande kidogo cha felti kilichobandikwa kwenye sahani nyembamba ya shaba, katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuusukuma ukanda ugusane na hedi. Gundi yake huchoka, felti inadondoka, na kuanzia hapo sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi, tena inakwenda na kurudi. Watu wengi wametupa kanda wakidhani wimbo umefutika, kumbe ni felti tu. Tiba yake ni kuhamisha ukanda kwenye gamba jingine zima. Gamba la skrubu 5 linafunguka kwa bisibisi ndogo ya nyota. Lile lililounganishwa kwa kuyeyushwa linapasuliwa kwa kisu kwenye mshono, na hapo mkono usitetemeke, maana ukanda wenyewe una upana wa milimita 3.81 tu. Kaseti ya dakika 60 ina unene wa kustahimili. Ya dakika 90 ni nyembamba zaidi, na ya 120 ni nyembamba kiasi kwamba hurefuka au kujiviringisha kwenye kiroli. Kwa hiyo usione vibaya fundi akidai zaidi kwa ya 120.

Usafi wa deki hauhitaji maneno mengi. Hedi na kile kichuma kinachozunguka husafishwa kwa pamba na spiriti safi isiyo na rangi, asilimia 90 au zaidi. Kiroli cha mpira kinatosha sabuni laini na maji kidogo, kwa kuwa spiriti ikirudiwa mara nyingi hukausha mpira.

Sasa jambo ambalo kwa kweli ndilo linalotenganisha huduma nzuri na mbovu: skrubu ndogo iliyo pembeni ya hedi, yenye springi chini yake. Skrubu hiyo inapanga mlalo wa hedi dhidi ya ukanda. Redio kaseti iliyorekodi kanda yako mwaka 1987 ilikuwa na hedi iliyokaa kwa mlalo wake, na deki ya fundi ina wa kwake. Milalo hiyo miwili isipolingana, sauti za juu zinafifia: sauti za ncha za nyuzi za gitaa la solo, herufi s na sh mdomoni mwa mwimbaji, ile pumzi. Besi haiguswi, ndiyo maana asiyejua anaridhika. Fundi anayejali anaigeuza skrubu kwa kila kaseti, tena kwa kila upande, robo mzunguko au pungufu ya hapo, huku akisikiliza kwa hedifoni chaneli zote mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa moja. Mahali sauti inapong'aa kuliko kwingine kote, ndipo penyewe. Kazi ni ya dakika 2 au 3. Ukitaka kumpima fundi, usimuulize ana mashine gani. Muulize kama anapanga hedi kwa kila kaseti. Anayekuangalia kana kwamba umeuliza kitu cha ajabu hafai kwa kanda hizi.

Na kanda nyingi za redioni ni za chaneli moja hata kama deki ni ya stirio. Mlalo ukishakaa sawa, kuunganisha chaneli mbili kuwa moja kunapunguza ule mvumo wa kanda, ile "shhh" ya chini chini, kwa desibeli 3 hivi bila kugusa muziki. Ni usafishaji wa bure. Ukifanywa kabla ya kupanga mlalo, unazidi kuua sauti za juu, kwa sababu chaneli zinafika zikiwa zimepishana na kuanza kufutana.

Kasi nayo ina mtego wake. Kaseti hupita kwenye hedi sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio kaseti nyingi zilirekodi zikitumia betri, na betri ikichoka mota inapungua mwendo. Wimbo uliorekodiwa polepole namna hiyo, ukichezwa kwenye deki nzima yenye umeme kamili, unakwenda mbio. Hapo Remmy anatoka na sauti nyembamba ya kijana, na wimbo wa msiba unageuka kichekesho. Tofauti ya asilimia 6 tu inapandisha wimbo nusu toni nzima. Hilo linarekebishika kwenye kompyuta, ila fundi awe na kitu cha kulinganishia: gitaa lililopangwa vizuri, au nakala nyingine ya wimbo huo huo. Angalia pia mwanzo na mwisho wa upande, maana betri ilikuwa ikizidi kuchoka kadiri kanda ilivyosonga. Sauti inayoyumba kama inapanda na kushuka mawimbi ni kesi nyingine: mkanda wa mpira ndani ya deki umelegea au umeanza kuyeyuka kama lami. Hiyo hairekebishiki baadaye. Fundi abadilishe mkanda kwanza, arekodi upya.

Vibanda vya simu vinaanguka hapa hapa. Vingi hutumia vicheza kaseti vidogo vya kubeba mkononi vyenye waya wa kuchomeka kwenye kompyuta, ambavyo mwendo wake hautulii na skrubu ya hedi haijawahi kuguswa. Vingine huchomeka tundu la hedifoni la redio kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Tundu hilo ni la chaneli moja kwa laptopu nyingi, na mara nyingi kompyuta hupandisha na kushusha sauti yenyewe. Remmy akinyamaza ili gitaa liongee, mvumo unapanda kama mvua juu ya bati. Akirudi, neno lake la kwanza linapasuka. Njia sahihi ni matundu ya nyuma ya deki, yale mekundu na meupe, kupitia kifaa cha nje cha kurekodia, kilele cha sauti kikiachwa karibu desibeli 6 chini ya kikomo ambapo sauti hupasuka. Ukisikia mngurumo wa umeme chini ya wimbo, mwambie fundi achomoe chaja ya laptopu arekodi kwa betri. Mara nyingi unakoma hapo hapo.

Kazi hii haina njia ya mkato. Dakika 60 za kanda ni dakika 60 za kurekodi, mbali na maandalizi. Anayekuahidi kaseti 2 za dakika 60 baada ya saa moja, na mezani ana deki moja, anazipitisha kwa kasi ya mara mbili au zaidi, na sauti za juu zinabaki njiani.

Vyumba vya kurekodia vya ghorofani vinafanya haya yote vizuri, halafu vinaharibu mwishoni. Vina programu ya kuondoa kelele, na programu ikiwepo hutumika. Inachukua sampuli ya mvumo mahali pasipo muziki, kisha inaukata kote. Ikitumika kidogo, haina neno. Ikizidishwa, sauti inakuwa ya majimaji, kama mtu anaimba ndani ya pipa, na pumzi zote zinafutwa kwa kuwa pumzi na mvumo vinafanana. Kwenye sebene, ambako magitaa yanapishana kwa dakika kadhaa, noti zinapoteza mikia yake. Halafu kuna kosa la kutaka kanda ya redioni ing'ae. Sauti za juu za matangazo ya masafa ya kati zinaishia kama kilohezi 4.5 hadi 5. Juu ya hapo hakuna gitaa wala sauti ya mtu, ni mvumo mtupu, kwa hiyo kupandisha sauti za juu ni kupandisha mvumo. Waombe mafaili mawili: moja ghafi lisiloguswa kabisa, la pili lililosafishwa kidogo. Lile ghafi ndilo la kutunza. Mbinu za kusafisha zitaboreka, kanda haitaboreka.

Faili ghafi liwe WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya biti 24 na kilohezi 48. Hiyo ni kama megabaiti 17 kwa dakika, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inakula gigabaiti 1 na ziada kidogo. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba kaseti kama 14 bila kubanwa. Ukipewa kaseti nzima kwenye megabaiti 58, umepewa MP3 iliyobanwa kwa kilobiti 128. Hiyo inafaa kusikiliza kwenye daladala, si kuhifadhi. Ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili wapate faili lenyewe, si ujumbe wa sauti.

Patana bei kwa dakika za kanda, si kwa idadi ya kaseti, na kazi ya kubadilisha gamba au kukausha ukungu itajwe kando. Lipa nusu. Kabla ya kumalizia, sikiliza palepale kwa hedifoni sehemu tatu za kila upande, mwanzo, katikati na mwisho, ukichagua mahali Remmy anapoongea bila ngoma nyingi. Pumzi yake isiposikika, mrudishe fundi kwenye ile skrubu.

Kaseti yenyewe dai urudishiwe, na vile vimeno viwili vya mgongoni vivunjwe ili mtu asije akarekodi juu yake. Irudishwe nyuma mpaka mwanzo, isimamishwe wima ndani ya kasha lake, iwekwe mbali na spika. Piga picha karatasi ya kasha pande zote mbili. Mwandiko wa aliyerekodi, na tarehe kama aliiandika, viingie kwenye jina la faili.