Gari langu lilikula daku: uzoefu wangu wa sola na gari la umeme Kigamboni

Ramadhani ya 2025, saa kumi alfajiri, feni zikasimama. Inveta, mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, ikaanza kulia pii, pii, pii kule stoo, na nyumba ikawa giza tupu. Mama Rehema alikuwa jikoni anapasha maharage ya nazi. Gesi haina habari na sola, kwa hiyo chakula kilipata moto, ila tulikila kwa tochi ya simu. Hakusema neno mpaka alipomaliza kunywa maji yake. "Baba Rehema, gari lako limekula daku yetu."

Alisema kweli. Jioni ile nilirudi kazini mawingu yakiwa mazito, nikachomeka gari kama kawaida, nikalala. Betri za nyumba zikalimiminia gari uniti saba hivi, zilizobaki zikashindwa kufika asubuhi. Na usisahau friza. Mke wangu anauza barafu na juisi ya ukwaju. Siku ile alitupa mzigo wa nusu friza, na mimi nikalipa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza "sola inaweza kuchaji gari?" huwa namuuliza kwanza: gari lako mchana linakuwa wapi?

Tunakaa mbele ya Kibada, Kigamboni, hapa Dar es Salaam. Nilipojenga, nguzo ya mwisho ya umeme ilikuwa mbali na kiwanja changu, nikapiga hesabu, nikaona pesa ya kusubiri nguzo bora niipandishe juu ya bati. Nina paneli 12 za wati 550, inveta ya kilowati 5, na nilianza na betri mbili za lithiamu, kila moja uniti 5. Pamoja na vyuma, waya na fundi, ilinitoka milioni 13 na ushee. Laini ya LUKU, ule umeme wa TANESCO wa kulipia kabla, sina.

Kwa nyumba peke yake, huu mfumo nausifia bila kigugumizi. Friji, friza, televisheni, feni tatu, pampu ya kisima, vyote vinakwenda. Kitu ambacho sikukitarajia ni joto. Mimi nilidhani Januari, jua la kutoboa utosi, ndiyo ningevuna sana. Kumbe paneli ikiwa ya moto inapunguza nguvu. Siku yangu bora kabisa ilikuwa ya Septemba, anga safi na upepo unavuma: uniti 27 kwenye kioo cha inveta. Siku mbaya ya Aprili, mvua kuanzia asubuhi, nimewahi kupata 6.

Paneli zinaelekea kaskazini kwa sababu Dar tuko kusini mwa ikweta, kama nyuzi 7 hivi, na zimeinama kidogo tu ili maji ya mvua yateremke na vumbi. Zioshe asubuhi na mapema, usimwage maji baridi kwenye kioo cha saa saba mchana. Na kama unakaa karibu na bahari, kataa misumari na bolti za bei rahisi. Chumvi ilizila zangu za kwanza ndani ya mwaka mmoja.

Sasa gari. Nilichukua Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, ile ya betri ya uniti 24, kwa pesa inayokaribiana na Toyota IST iliyotumika. Kwenye dashibodi, pembeni ya kioo cha vipimo, kuna mistari 12 inayoonyesha afya ya betri. Langu lilikuja na 10. Wauzaji wengi hawakuambii kwamba mistari haina uzito sawa. Ukipoteza ule wa kwanza tu, tayari umeaga kama asilimia 15 ya betri. Hii gari pia haina maji ya kupoozea betri, na joto la Dar mnalijua. Mwaka huu mstari mwingine umezimika, nimebaki na 9. Nalipaki chini ya mwembe ili lisichemke, na Desemba iliyopita embe bichi lilinibonyezea boneti. Mama wa Kijapani aliyemo ndani ya redio anasema jambo kila nikiwasha. Mpaka leo sijui ananisalimia au ananionya.

Kuendesha ni raha. Foleni ya kutoka darajani kwenda Bandari, ambako wenzangu wanachoma mafuta wakiwa wamesimama, mimi situmii karibu chochote zaidi ya kiyoyozi. Ukiachia pedali gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwenda na kurudi kazini kwangu, mtaa wa Gerezani, ni kilomita 44, zinakula uniti 7 hivi. Likijaa linanipa kama kilomita 90 nikiwa sina pupa. Yaani siku mbili, basi.

Shida ya kwanza kabisa haikuwa jua, ilikuwa ethi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Siku nalileta nyumbani, nimechomeka kebo, ikawaka taa nyekundu, ikagoma. Nikabadilisha soketi, ikagoma. Kwa jirani mwenye umeme wa nguzo ikakubali! Nilidhani nimeuziwa gari bovu. Fundi wa kwanza alitaka kunibadilishia inveta. Wa pili, kijana mdogo, alipima akacheka: "Mzee, gari haina tatizo. Inveta yako haijaunganisha nyutro, waya unaorudisha umeme, na ethi, kebo inaona kama hakuna usalama." Akapigilia fimbo ya shaba ardhini, akafanya kiunganishi sehemu moja tu, pale kwenye inveta, taa ikawa kijani. Usijifanyie mwenyewe hiyo kazi. Ukikosea, bodi ya gari ndiyo inakuwa na umeme.

Shida ya pili ni plagi. Friji inavuta na kupumzika. Gari linavuta ampia 13 saa sita mfululizo bila kupumua. Plagi yangu ya kwanza iliyeyuka, nikaona ukuta umeanza kuwa mweusi. Nikavuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme ya nyumba, waya mnene na swichi yake ya kujikata.

Baada ya ile daku ndipo nilipokaa chini na daftari. Jua lipo kuanzia saa tatu hadi saa kumi. Muda huohuo gari liko Gerezani, juu ya nyumba paneli zinazalisha umeme, betri zimejaa saa saba mchana, na inveta inazima uzalishaji kwa kukosa pa kuupeleka. Usiku gari linarudi na njaa. Nilikuwa natupa uniti zaidi ya kumi kila siku ya jua kali, halafu usiku naiba umeme wa friza.

Tulichokubaliana na Mama Rehema ni hiki. Jumamosi na Jumapili gari linashinda kwenye kebo mpaka lijae. Linanipeleka Jumatatu na Jumanne. Jumatano linabaki nyumbani linakula jua, mimi napanda daladala. Alhamisi na Ijumaa nalirudia. Kebo niliyonunua baadaye ina kitufe cha kuchagua ampia, kuanzia 6 hadi 13, na yeye ndiye anaikalia: wingu likitanda anaiteremsha 6, likipita anaipandisha. Pampu ya kisima ikiwaka, anachomoa kwanza, maana pampu, gari na pasi kwa pamoja inveta inakata palepale. Usiku ni marufuku kuchaji gari. Ilani hiyo ameibandika kwenye mlango wa stoo.

Masika mpango huu unavunjika, tusidanganyane. Wiki mbili za mvua mfululizo umeme hautoshi. Hapo nakwenda kwa shemeji yangu Mtongani, namnunulia LUKU ya 5,000, kama uniti 14, nakaa nakula wali wake gari linapochaji. Kwa hiyo mtu akiniita "bwana wa jua tu" huwa nanyamaza. Miezi mitatu hivi kwa mwaka mimi ni wa nguzo za shemeji.

Pesa? IST yangu ya zamani ilikuwa inakunywa lita tatu na nusu kwa siku kwenye foleni. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, walipotangaza bei, nilikuwa nasikiliza roho juu. Siku hizi sijui hata petroli ni shilingi ngapi. Oili sibadilishi, plagi za injini hakuna. Matairi na bushi ziko palepale, barabara yetu ya mashimo haijali unatumia nini.

Kama uko kazini mchana kila siku na hapo kazini huna pa kuchomeka, usinunue gari kwa kutegemea betri mbili za nyumbani. Mwenye duka, mwenye kazi za nyumbani, bajaji inayorudi mchana kupumzika, hao jua litawafaa kuliko lilivyonifaa mimi.

Mwezi uliopita tumeongeza betri ya tatu. Pesa yake ilitoka kwenye barafu, siyo kwenye mshahara wangu, nikaanza kuwaza kwamba sasa naweza kuchomeka usiku angalau Jumanne. Niliporudi kutoka kazini nikakuta Mama Rehema ameibandika betri hiyo plasta nyeupe juu, ameandika kwa kalamu ya wino mnene: FRIZA.