Migomba: miche ya tishu au machipukizi?

Chipukizi jirani anakupa bure. Mche wa tishu, uliozalishwa maabara, unanunua na kuusafirisha. Lakini menya shina la chipukizi hilo: ukiona vijia vyeusi, ni fukusi, unamhamishia shambani kwako. Hapo maabara inashinda wazi. Mche wake hutoka bila fukusi wala minyoo wa mizizi, na mikungu hukomaa karibu pamoja, mnunuzi anajaza gari. Ila mche huo ni laini mno. Ukikosa maji na samadi miezi ya mwanzo, unakufa. Na mnyauko, ugonjwa wa bakteria ulioingia Kagera mwaka 2006, unaua tishu na chipukizi vilevile. Inaniuma wauzaji wasipolisema hilo.

Una maji na soko? Nunua tishu. Unategemea mvua tu? Chagua chipukizi kwenye shina lenye afya, limenye, lichovye kwenye maji yanayochemka sekunde 30, panda.